Shajara ya Jokofu Lisilopoa: Kutoka Nyuzi 12 hadi Nyuzi 4

Jumamosi asubuhi

Jokofu ninaloandika habari zake ni la milango miwili, friza juu na sehemu ya vyakula vya kawaida chini, la aina inayoyeyusha barafu yake yenyewe bila mtu kulizima. Liko jikoni nyumbani kwetu Mbagala, Dar es Salaam. Maziwa yaliyowekwa humo juzi jioni yalikatika jana mchana, na mchicha ulilegea kana kwamba umelala mezani, ilhali samaki walioko kwenye friza bado ni wagumu. Tofauti hiyo kati ya juu na chini ndiyo dalili ya kwanza ninayoiandika, kwa sababu inaonyesha kwamba baridi bado inatengenezwa mahali fulani lakini haifiki panapotakiwa.

Sababu ya kuweka kumbukumbu kwa utaratibu badala ya kuridhika na kusema "linapoza kidogo" ni insulini ya baba. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi, na mkono wa binadamu hauwezi kutofautisha nyuzi 8 na nyuzi 12. Kwa hiyo kabla ya kugusa skrubu yoyote nimetafuta vipimajoto viwili vya jokofu. Kimoja nilikitumbukiza katika glasi ya maji kwenye rafu ya kati nikakiacha usiku kucha, na cha pili nilikiweka katikati ya vifurushi vya samaki kwenye friza. Maji yanahitajika kwa sababu kipimajoto kikiachwa hewani hupanda mara tu mlango unapofunguliwa, kikatoa hesabu ya hewa ya jikoni badala ya ile ya chakula.

Vipimo vya alfajiri, kabla mlango haujafunguliwa na mtu: chini nyuzi 12, friza nyuzi 11 chini ya sifuri. Vinavyotakiwa ni nyuzi 4 katika sehemu ya chini, na nyuzi 18 chini ya sifuri kwenye friza. Shirika la Afya Duniani linashauri vyakula vinavyoharibika haraka vihifadhiwe chini ya nyuzi 5, kwa kuwa kuanzia hapo kupanda juu vijidudu vingi huzaana kwa kasi. Kwa kipimo hicho, jokofu letu kwa sasa ni kabati tu.

Chupa za insulini zilizofungwa zimehamishiwa kwa jirani. Ile inayotumika imebaki nyumbani, kwani karatasi ya maelekezo inaruhusu chupa iliyofunguliwa kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki nne mradi joto lisizidi nyuzi 30. Mama ameiweka ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha kwenye kikombe kinachoelea ndani ya mtungi wa maji. Hapa pwani hewa ina unyevu mwingi, hivyo maji hayavukizi kwa kasi kama Dodoma na mtungi haupoi sana, lakini unatosha kuikinga dawa na joto la mchana la jikoni.

Jumamosi jioni

Leo nimemaliza mambo yasiyohitaji vifaa. Kirekebisha baridi kilikuwa kwenye alama ya kati na hakikuguswa na mtu. Ndani hapakuwa na sufuria ya moto wala msongamano wa vitu mbele ya matundu ya hewa, ambayo katika jokofu la aina hii ndiyo njia pekee ya baridi kushuka kutoka juu. Jambo hilo linafaa kueleweka mapema, kwa sababu watu wengi hudhani kila sehemu ina mashine yake ya kupozea. Katika jokofu hili kuna koili moja tu ya baridi, yaani bomba lililokunjwakunjwa, imefichwa nyuma ya ukuta wa plastiki ndani ya friza. Feni ndogo hupuliza hewa kupita kwenye koili hiyo, sehemu kubwa ya hewa hubaki kwenye friza, na iliyobaki hushuka chini kwa mfereji. Njia hiyo ikizibwa, friza litaendelea kugandisha kwa muda huku chini kukipata joto, na hicho ndicho tunachokiona.

Kibandiko kilicho ndani, ubavuni, kina herufi T. Maana yake ni kwamba jokofu limetengenezwa kwa nchi za joto, lifanye kazi mahali penye nyuzi 16 hadi 43. Majokofu yenye herufi N yameundwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 32, na jiko la Dar es Salaam mwezi Februari linavuka kiwango hicho bila shida, hasa jiko la mkaa likiwa karibu. Ningeshauri yeyote anayenunua jokofu lililotumika kutoka ng'ambo asome herufi hiyo kabla ya kutoa fedha. Kwa upande wetu, hali ya hewa haiwezi kuwa kisingizio.

Kuta za pembeni zina joto la wastani kompresa, ile mashine inayobana na kusukuma gesi, inapofanya kazi. Katika jokofu hili koili ya kutolea joto haionekani mgongoni. Imepitishwa ndani ya kuta hizo, kwa hiyo joto nililolihisi ni ishara njema kwamba joto linatolewa ndani na kupelekwa nje. Hata hivyo ubavu mmoja ulikuwa umegusana na kabati la vyombo. Nimelisogeza ili kila upande upate nafasi ya upana wa kiganja.

Umeme nimeupima kwenye soketi: asubuhi volti 232, na saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umewasha taa na pasi, volti 209. Kiwango chetu ni volti 230, na kushuka au kupanda kwa asilimia 10 huvumilika, yaani kuanzia 207 hadi 253. Tuko ukingoni lakini tumo ndani, na kompresa iliwaka bila kusuasua. Kama ingekuwa inagonga "tak", ikizima, kisha ikijaribu tena baada ya dakika chache, ningeanza kuchunguza umeme kabla ya kitu kingine chochote.

Mpira wa mlango nimeujaribu kwa karatasi: unaifunga nusu ndani, nusu nje, kisha unaivuta taratibu. Karibu pande zote karatasi ilishikwa. Kwenye kona ya chini upande wa bawaba iliteleza yenyewe. Nimeweka alama ya penseli hapo.

Jumapili

Fundi wa mtaani alipita kwa wito wa mama. Aligusa kuta, akafungua friza, akasikiliza, kisha akamwambia baba, "Mzee, hapa gesi imepungua. Tukiongeza tu litarudi." Nilimwomba kwa heshima tusubiri mpaka tuione koili, naye hakukataa, ila alisema kwa kawaida tatizo huwa hilo. Ninaandika hapa kwa kirefu sababu za kutokubali, kwa kuwa naamini familia nyingi hupoteza fedha, na mara nyingine jokofu lenyewe, katika hatua hii.

Gesi ya jokofu haitumiki ikaisha kama gesi ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kwa kuchomelewa: inabanwa na kompresa, inatoa joto kwenye kuta, inapenya mrija mwembamba sana, inapanuka na kupoa kwenye koili ya friza, kisha inarudi ilikoanzia. Ikipungua, maana yake pametoboka. Kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni kununua majuma machache ya baridi. Pia, ili gesi ijazwe, mfumo ambao haujawahi kufunguliwa tangu kiwandani lazima utobolewe, na hewa na unyevu vikiingia humo bila kuvutwa kwa pampu maalumu, vitagandia kwenye ule mrija mwembamba au kuiharibu kompresa polepole.

Kuna jambo la tatu, nalo ni zito zaidi. Kibandiko cha kompresa yetu kimeandikwa R600a. Hiyo ni isobyuteni, gesi inayowaka moto, ndiyo maana huwekwa kwa gramu chache tu na pembeni pana alama ya mwali. Majokofu ya zamani yalitumia R12, iliyoondolewa sokoni kufuatia Mkataba wa Montreal wa 1987 uliolenga kulinda tabaka la ozoni, kisha ikaja R134a, ambayo bado imejaa katika mitungi ya mafundi. Gesi hizo hazibadilishani. Kujaza R134a kwenye kompresa ya R600a ni kuiua, na kuchomelea bomba lenye R600a bila kwanza kuiondoa gesi ni hatari kwa walio jikoni. Anayetaka kujaza gesi aulizwe mambo mawili: ataipima kwa mizani gani, na tundu liko wapi.

Jumatatu

Nimechomoa plagi, nikahamishia samaki kwenye kasha lenye barafu, nikafungua skrubu za ukuta wa plastiki ndani ya friza. Ukuta ulikataa kutoka kwa sababu ulikuwa umeshikwa na barafu kwa nyuma. Sikutumia kisu wala bisibisi kuubandua. Koili ni ya alumini nyembamba, na tundu moja la ncha ya kisu lingegeuza tatizo dogo kuwa lile lile ambalo fundi alilidhania. Niliweka bakuli la maji ya moto ndani ya friza, nikafunga mlango kwa muda, nikarudia mpaka ukuta ukalegea.

Nilichokiona kilijibu swali la jana. Koili yote, kutoka bomba la kuingilia hadi la kutokea, ilikuwa imefunikwa na barafu nyeupe nzito iliyosambaa sawasawa, na imejaza nafasi zote kati ya mapezi yake, yale mabati membamba yaliyoizunguka. Mfereji wa hewa ya kushuka chini ulikuwa umezibwa kabisa. Kama gesi ingepungua, barafu ingeonekana kwenye mizunguko michache ya mwanzo tu na sehemu iliyobaki ingekuwa kavu, kwa kuwa gesi kidogo humaliza kuvukiza kabla ya kufika mwisho. Barafu ya koili nzima ni ushahidi kwamba gesi inatosha. Kinachokosekana ni kuyeyushwa kwa barafu hiyo. Nimepiga picha na kumtumia fundi, naye amekubali na kuniomba nimjulishe matokeo.

Nimeacha milango wazi, mataulo chini, mpaka barafu yote iishe yenyewe. Tundu la kutolea maji lililo chini ya koili lilikuwa limeziba kwa tope jeusi. Nimelizibua kwa maji ya uvuguvugu na mpira laini mwembamba. Sasa maji yanashuka mpaka kwenye trei iliyo juu ya kompresa, ambako joto lake huyavukiza.

Jumanne hadi Ijumaa

Nimeliwasha tena Jumanne asubuhi bila kubadilisha kitu. Hili ni jaribio la makusudi. Kama hitilafu ilikuwa mlango ulioachwa wazi usiku mmoja, jokofu lililoyeyushwa vizuri lingebaki na afya. Kama ni mfumo wa kuyeyusha, barafu ingerudi. Jumatano alfajiri chini palikuwa nyuzi 4, na friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Mama alifurahi akataka kurudisha kila kitu, nikamwomba asirudishe insulini kwanza. Alhamisi chini palikuwa nyuzi 5. Ijumaa asubuhi nyuzi 7, na sauti ya feni ilikuwa imebadilika, inasikika kama inasugua kitu. Barafu imerudi. Ni mfumo wa kuyeyusha.

Jumamosi

Mfumo huo una vitu vinne vilivyounganishwa kwa mfuatano, na kimoja kikifa vyote husimama. Taima huhesabu saa ambazo kompresa imefanya kazi, na kila baada ya saa kadhaa huizima kompresa na kupeleka umeme kwenye hita. Hita iko chini ya koili. Kati yake na taima pana swichi ndogo ya joto iliyobanwa kwenye bomba la koili, ambayo huruhusu umeme pale tu koili inapokuwa baridi sana, na hukata barafu inapoisha ili hita isichome chochote. Mwisho kuna fyuzi ya joto, hii ikiwa ni ya usalama: imeandikwa nyuzi 72, na ikikatika haijirudishi.

Nikiwa nimechomoa plagi na kuliyeyusha tena jokofu, nimepima kimoja kimoja kwa mita.

Hita: omu 349, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Kibandiko chake kinasema wati 150 kwa volti 230, na ukizidisha volti kwa volti kisha ukagawa kwa wati unapata omu 353. Inakaribiana vya kutosha. Hita ni nzima. Fyuzi ya joto: inapitisha umeme. Ningependa mtu yeyote anayesoma haya asikubali fyuzi hiyo "iunganishwe moja kwa moja" ikikutwa imekatika, hata kama jokofu litapoa siku hiyo hiyo, kwa sababu swichi ya joto ikija kunasa ikiwa imefunga, yaani inapitisha umeme, kitu pekee kinachobaki kati ya hita na plastiki ya friza ni fyuzi hiyo. Taima: nimeizungusha kwa bisibisi taratibu mpaka ikalia "tak", na nilipounganisha umeme kompresa ilikuwa imesimama, kama inavyotakiwa wakati wa kuyeyusha. Nimeiwekea alama ya kalamu, na baada ya saa kadhaa ilikuwa imesogea yenyewe na kuiwasha kompresa. Nayo ni nzima.

Imebaki swichi ya joto, na hiyo haipimiki kwa joto la jikoni, kwa kuwa katika hali hiyo inatakiwa iwe wazi, yaani isipitishe umeme. Lazima ipozwe. Barafu peke yake haitoshi kwa sababu huishia nyuzi sifuri, lakini barafu iliyopondwa ikichanganywa na chumvi nyingi hushuka chini sana, na mchanganyiko uliokolea vizuri unaweza kukaribia nyuzi 21 chini ya sifuri. Jirani anayeuza barafu alinipa mfuko mmoja, nikaongeza chumvi ya mawe, kipimajoto kikashuka hadi nyuzi 14 chini ya sifuri. Niliifunga swichi kwenye plastiki isilowe, nikaizamisha, nikaunganisha mita. Haikufunga. Niliiacha humo kwa muda mrefu, nikaigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, bado ikawa wazi. Juu ya kifuniko chake pamevimba, na upande mmoja pana ufa ulioingiza maji.

Huyu ndiye mhusika. Kipande kidogo kuliko sarafu mbili zilizobebanishwa kimezuia hita kuwaka, barafu ikajaa, hewa ikazibwa, maziwa yakakatika.

Jumatatu

Nimekwenda Kariakoo nikiwa na swichi ya zamani mfukoni, maana maduka ya vipuri yanazo za aina nyingi na zinafanana kwa macho. Vinavyotakiwa kulingana ni nyuzi inazofungia na kufungulia, idadi ya waya, uwezo wa ampea, na namna ya klipu inavyoshika bomba. Bei yake haikufika hata robo ya fedha ambayo ingelipwa kwa gesi. Nyumbani niliijaribu kwanza kwa barafu na chumvi: ilifunga, na nilipoitoa ikapata joto ikafungua. Kipuri kipya kinastahili kupimwa kabla ya kufungwa, kwa sababu kuufungua ukuta ule mara ya pili ni kazi ya nusu siku.

Fundi yule yule alikuja kuifunga, kwa kuwa maungio ya waya ndani ya friza yanakaa kwenye unyevu daima na yanataka mkono uliozoea. Alitumia vibanio vya kubana waya na kufunika kila ungio kwa mpira unaosinyaa kwa joto, wala hakusokota waya na kuzungushia tepu. Swichi imerudi pale pale kwenye bomba la juu ilipokuwa. Ikisogezwa kwenda sehemu inayopata joto mapema, itakata hita kabla barafu ya upande wa pili haijaisha. Kisha tuliliacha jokofu lipoe, tukaizungusha taima kwa mkono, na mita ya ampea ikaonyesha 0.65. Hiyo ndiyo hita ikifanya kazi. Fundi aliniambia kwamba kuanzia sasa ataomba ukuta ufunguliwe kabla ya kuzungumzia gesi, nami nimefurahi sana kusikia hivyo.

Wiki iliyofuata

Vipimo vya alfajiri vimekaa kati ya nyuzi 4 na nyuzi 5 siku zote, na friza halijapanda juu ya nyuzi 17 chini ya sifuri isipokuwa muda mfupi baada ya kuyeyusha, jambo la kawaida. Umeme ulikatika mchana mmoja kwa karibu saa tatu. Tuliacha mlango umefungwa, na chini palifika nyuzi 7 kabla umeme haujarudi. Jokofu lililojaa na lisilofunguliwa hutunza baridi ya kutosha kwa takriban saa nne, kwa hiyo tumekubaliana nyumbani kwamba umeme ukikatika hakuna anayefungua kutafuta maji.

Insulini imerudi. Nimeiweka kwenye rafu ya kati, mbele, mbali na tundu la hewa lililo ukutani nyuma, kwa sababu hewa itokayo hapo moja kwa moja kutoka kwenye friza inaweza kuigandisha, na insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Kipimajoto kimoja kitakaa hapo hapo kando yake.

Kazi iliyobaki ni kona ya mpira wa mlango. Nimeiosha kwa sabuni na kuikanda kwa kitambaa cha maji ya moto ili irudie umbo lake. Karatasi sasa inashikwa, ila kwa ulegevu. Kwa unyevu wa hapa, kila upenyo huleta mvuke unaogeuka barafu kwenye koili na kuiongezea hita kazi. Mpira mpya umeagizwa kwa namba ya modeli, na ukifungwa nitarudia jaribio la karatasi pande zote nne na kuandika vipimo vya alfajiri vya juma zima, ili nivilinganishe na hivi.